Wamekuajiri Wewe au Mlango Wetu?

Issa mwanangu,

Uko chumba cha pili, nakusikia unavyokunja nyaya za chaja na kuzikunjua. Mama mwenye akili timamu angeinuka, akabisha hodi, akasema nawe ana kwa ana. Lakini wewe nikianza kusema tu unaniwahi, "sawa mama, nimekuelewa mama," wakati hata sijafika popote. Ukishasema hivyo mimi nafoka. Nikishafoka baba yako anaingia kutuamua, na mwisho wake tunalala kila mtu kanuna. Leo sitaki tulale hivyo, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Habari za wezi wa simu, za kutokula cha kupewa ndani ya basi, za kuswali na za kumpigia mjomba wako ukifika, baba yako amekuambia tangu juzi na atakuambia tena alfajiri akikubebea begi. Huko sina la kuongeza. Mimi ninalo moja tu, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi zote za dunia hii, mwanangu. Zote! Mikorosho ya baba yako umeikataa, sawa, hata mimi salfa ya kupulizia siipendi. Duka la mjomba Nachingwea mjini umelikataa, sawa, mjomba wako mwenyewe hana mdomo mzuri. Lakini katika kazi zote Mungu alizoziumba, ukaenda kuchagua kuwa mmoja wa wale! Wale wa tivii za mtandaoni, waliotugeuza sisi wa kijiji hiki cha Mtua kichekesho tangu dada yako Fatu aanze kusikika redioni akiimba. Nasema Fatu. Jina lake la jukwaani siliandiki kwenye karatasi yangu, mimi sikumzaa kwa jina hilo.

Najua utasema, "Mama, mwenyewe ndiye uliyewafungulia." Ni kweli, na nitalisema kabla hujalisema wewe. Siku ile ya kwanza walikuja watatu, vijana wawili na binti mmoja, gari lao jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Mimi nimelelewa kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikatandika mkeka. Nikachemsha muhogo, nikawabangulia korosho. Yule binti akaniita "mama angu", akakaa na mimi jikoni, akanikunia nazi. Sasa mtu anakukunia nazi, utamnyima maneno? Akauliza Fatu alikuwaje utotoni, na mimi nikafunguka kama gunia lililokatwa kamba. Nikamwambia alivyokuwa mbishi, alivyoogopa kuku. Nikamwambia, tukicheka, kwamba alikuwa kikojozi mpaka darasa la tatu, godoro kila asubuhi juu ya paa.

Ile simu iliyokuwa imelazwa juu ya kinu nilidhani imewekwa tu.

Wewe ulikuwa bado shule, huenda hukumsikia dada yako aliponipigia. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema, "Mama, nikipanda jukwaani wananiimbia godoro, godoro. Watu wote wale. Kwa nini uliwaambia?" Nilitaka kusema sikuwaambia watu, nilimwambia binti mmoja jikoni kwangu. Mdomo uliponza kichwa, ila hapa mdomo ulikuwa wangu na kichwa cha mwanangu.

Tangu hapo nikajifunza kitu ambacho mama yangu hakunifundisha, kwa sababu yeye hakukihitaji. Kwetu ukiulizwa unajibu, na kumnyamazia mtu ni jeuri. Kumbe kuna swali ambalo anayeuliza si mgeni wako, amekaa tu kwenye mkeka wako. Ilinichukua muda mrefu kuweza kumtazama mtu usoni nikasema, "Hilo sikujibu, kunywa chai."

Halafu likaja la baba yako. Hili nikilikumbuka sijui nicheke au nivunje sahani. Mwezi wa salfa, wewe unajua mtu anavyokuwa akitoka kupulizia mikorosho: kavaa shati ambalo hata dekio linalikataa, uso mzima unga, macho mekundu, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni. Kila mwanamume wa Mtua, wa Mkotokuyana, wa Nachingwea nzima anakuwa hivyo. Wakamkuta njiani, mashine mgongoni, wakamchomekea maiki mdomoni: "Mzee, unajisikiaje kuhusu binti yako?" Akasema, "Namshukuru Mungu," huku anafuta macho. Jioni yake ikatoka kwa herufi kubwa: baba wa msanii abubujikwa machozi, atelekezwa na bintiye, avaa matambara.

Nyumba hii ina bati jipya alilonunua Fatu. Ile mashine ya salfa yenyewe alinunua Fatu! Lakini nani atasikiliza? Watu wa huko mbali wakatuletea gunia la nguo za kuwahurumia maskini. Baba yako akachagua koti moja akalivaa kwenda msikitini, akasema linamkaa. Mimi nililia kwa hasira na yeye anajigeuza geuza mbele ya kioo. Ndivyo alivyo baba yako, Mungu alimpa moyo wa jiwe la mtoni, maji yanapita tu.

Mimi sina moyo huo. Mimi nikienda sokoni Nachingwea nikiuliza bei ya dagaa naambiwa, "Na wewe mama wa staa unaomba upunguziwe?" Nikinunua bila kuuliza, naringa. Nikivaa kanga mpya, nakula jasho la mtoto. Nikivaa ya zamani, mtoto kanitupa. Nimekuwa mtu wa kuchagua kanga kwa kuogopa watu nisiowajua. Wakati mwingine namtuma jirani, najificha nyumbani kwangu kama mwali.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulizungumza. Msiba wa bibi yako.

Mama yangu alifariki alfajiri, na kwa taratibu zetu azikwe siku hiyo hiyo. Fatu alikuwa nje ya nchi kwenye maonyesho yake, hakuwa na njia ya kuwahi. Akanipigia analia kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi ndiye niliyekuambia, na ninaliandika hapa ili usije ukadhani nimesahau: "Issa, chukua simu yako, mpigie dada yako picha ya video aone bibi anavyotoka." Ulifanya nilichokuomba, na ulifanya vizuri.

Basi akaja mtani wetu, Bi Lukia Mmakua. Unamjua, hakuna msiba wa ukoo wetu uliowahi kutoka bila yeye. Kajifunga kanga ya marehemu, kachukua fimbo ya marehemu, anachechemea vilevile kama mama yangu, na watu tayari wameanza kuvunjika mbavu na machozi yapo. Jeneza linainuliwa, akalala chini mbele yake.

"Hatoki ntu hapa! Hatoki! Nyie mmemuua bibi huyu kwa njaa! Njukuu anaimba redioni, bibi anachimba ming'oko porini! Nilipeni kwanza!"

Wakamrushia sarafu, akaziokota, akasema hazitoshi, kwamba ukoo wa staa una mkono wa birika. Watu wakacheka. Mimi mfiwa nikacheka, na nilipocheka ndipo nilipoweza kupumua mara ya kwanza tangu alfajiri. Kazi ya mtani ni hiyo. Anasema lile baya kabisa, kwa sauti kubwa, ili lisibaki likinong'onwa.

Ukamtumia dada yako. Ukaiweka na kwenye kundi la ukoo, kwa nia njema, ndugu wa mbali wakaomba. Binamu yako fulani, Mungu anamjua, akaituma nje. Na wale wakakata pale penye kicheko, wakaacha pale penye kelele tu: jirani afichua mazito, bibi wa msanii afa kwa njaa. Bi Lukia wakamwita shuhuda.

Unajua kilichompata Bi Lukia? Alikuja hapa kunipigia magoti. Mtani! Anipigie magoti mimi! Wajukuu zake wa mjini walimsema kwamba ameaibisha familia yao kwa wivu. Na katika msiba uliofuata hapa jirani, alikaa pembeni na kanga mdomoni mpaka maiti ikatoka. Watu walimtazama wakisubiri, na yeye anatazama mikono ya vijana kuona nani ameshika simu. Maiti ile ilitoka kimya. Niliona aibu ambayo siwezi kukueleza, kwa sababu aliyenyamazishwa alinyamazishwa kwa ajili yetu.

Sasa nikuambie jambo linaloniudhi kuliko yote. Ile picha yako nzima, kabla haijakatwa, ninayo kwenye simu yangu na naitazama. Kuna pale ulipoacha kumpiga picha Bi Lukia ukageuka polepole kwa wale mama waliokuwa wakiosha vikombe nyuma ya nyumba, mmoja anacheka huku povu limemfika viwikoni, halafu ukarudi kwenye mlango wa chumba cha mama yangu ukakaa hapo. Mlango tu. Hakuna aliyekufundisha hilo. Wewe una jicho, Issa. Ningependa uwe mjinga wa kamera ili nipate amani, lakini si mjinga.

Na yule mkubwa wa ile tivii inayokuajiri naye aliliona hilo. Alipokupigia akauliza, "Nani kapiga mzigo huu?" ulirukaruka uani kama aliyeshinda bahati nasibu. Hukujiuliza alipata wapi namba yako. Mimi nilijiuliza. Vijana wenye kamera wamejaa kila mahali, kwa nini amfuate mmoja Mtua? Nimekaa na swali hili mwezi mzima nikikupikia, nikikufulia, nikitabasamu kwa majirani wanaonipa hongera: wamekuajiri wewe, au wamekodi mlango wetu?

Ukifikiri nina roho mbaya, fikiri habari ya yule mtoto.

Tangu Fatu ashike ujauzito walikuwa wakimhesabia miezi. Tumbo likionekana wanaandika, lisipoonekana wanaandika. Mtoto akatangulia mbele ya haki kabla hajalia hata mara moja. Wao walikuwa wamekaa kwenye korido ya hospitali wakisubiri jinsia. Fatu akanipigia. "Mama, usije. Ukipanda basi tu watajua." Na kweli magari mawili yalikuwa njia panda yanatazama kama nitasafiri.

Basi sikusafiri. Nilichukua jembe nikaenda kulima, kwenye kile kipande cha barabarani, ili wanione. Mjukuu wangu anazikwa, na mimi nimeinama napalilia mbele ya watu wenye kamera ili waondoke wakiamini hakuna kitu. Na waliamini. Waliandika kwamba mama wa msanii ni mchapakazi. Kaburi lenyewe sijaliona mpaka leo. Hilo sijamwambia mtu, hata baba yako hajui kwamba siku ile nilikuwa nang'oa ufuta pamoja na majani.

Baadaye dada yako alikuja kwa siri, ukampokea wewe. Ulimkuta kituoni kajitanda baibui la kuazima, ukamvalisha helmeti yako, ukampakia kwenye pikipiki mpaka Ruangwa kwa mama yako mdogo. Njia nzima hukumsemesha, aliniambia mwenyewe, na alisema hicho ndicho alichokuwa anakihitaji. Yuko kule tangu siku hiyo. Anapepeta ufuta, anachota maji, analala mchana. Ameanza kula. Juzi mama yako mdogo alimsikia anaimba chooni, sauti ya chini, akakaa nje ya uzio asipite mpaka alipomaliza.

Na huko mtandaoni wanauliza yuko wapi. Kila siku, yuko wapi.

Juzi ulikuwa uani na simu, hukuniona nilivyokuwa naanua nguo. Nilisikia sauti ya mkubwa wako, maana wewe unaweka spika kila unapoongea. Akakuuliza habari za safari, ukamjibu. Akacheka. Halafu akasema, "Na dada mzima? Yuko wapi siku hizi?" kama mtu anayeulizia mvua. Ukacheka kidogo. Ukasema, "Yupo yupo tu, bosi."

Yupo yupo tu. Issa! Kwa nini hukusema sijui? Kwa nini hukusema halikuhusu? Au uliogopa, au ulikuwa unamwachia mlango wazi kidogo, ili ukifika uwe na kitu mkononi? Pengine hukufikiri lolote na mimi ndiye niliyekonda kwa mawazo. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nakumbuka wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako, na nikawachukia wahenga.

Kwa hiyo jana nilipowaambia nakwenda Ruangwa kumjulia hali mama yako mdogo kwa sababu ya mguu wake, niliwadanganya. Nilikwenda kumhamisha dada yako. Nilishaongea na mjomba wako wa Chiola, bila kumtajia ni nani, ana banda zuri shambani, hakuna jirani wa karibu. Nilishakodi na gari. Nilitaka ahamie huko kabla hujapanda basi, na wewe usijue. Ndiyo, wewe. Nilikuwa nakwenda kumficha mwanangu asionekane na mwanangu mwingine.

Nilimkuta na ungo mapajani. Nikamweleza yote, na ile ya yupo yupo tu. Hakusimamisha mikono.

"Issa anajua kwamba nahama?"

"Hajui. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Basi sihami."

"Fatu, na akikuuza?"

"Akiniuza nitakuwa nimeuzwa, mama. Lakini nikihama leo, mimi ndiye nitakayekuwa nimemuuza kwanza."

Nikamwambia hana akili. Nikamwambia jukwaa limemwondolea woga ambao Mungu alimpa kwa sababu nzuri. Nikapiga kelele mpaka dereva aliyekuwa anasubiri nje akazima redio yake. Mama yako mdogo akasema, "Da Somoe, kunywa maji." Sikunywa. Fatu akaendelea kupepeta, makapi yanaruka, na baadaye kabisa akasema, "Ulikuwa na watoto wawili kabla hawajaja hao watu, mama. Bado wawili. Mwambie nipo."

Nikamlipa dereva kwa safari isiyokwenda, nikarudi.

Sikuombi uache kazi. Ningekuomba kama ningeona itasaidia, lakini ungekwenda umenuna, na mtu akinuna hufanya mambo kwa kukomoa. Wala sikuombi uape, viapo nimevisikia vingi. Utafika, watakukalisha kwenye kiti kizuri, na siku moja, si ya kwanza, yule mkubwa atakuuliza tena kwa kucheka vilevile. Hapo sitakuwepo kukufokea, na hatakuwepo baba yako wa kutuamua.

Kwa hiyo ujue hivi tu. Tunaojua ni wanne: mimi, baba yako, mama yako mdogo na wewe, na sisi watatu hakuna anayetuuliza. Dada yako hatukumhamisha. Yuko palepale ulipomshusha, chumba kilekile cha uani.

Nakupenda, Issa. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu nikuzae, nakuogopa.

Mama yako,
Somoe